Ukiipa kompyuta mda mara mbili kwenye Go inaongezeka nguvu kiasi gani? Pima mwenyewe nyumbani

Hapa kwetu Ngamiani kuna baraza moja wanacheza bao jioni, na kwa kuwa mi ndo mwenye laptopu mtaani basi siku moja nikaja nayo nikawaonesha mchezo wa Go, kete nyeusi na nyeupe juu ya mistari, anayezungushia eneo kubwa ndo mshindi, wakaupenda kiasi chake, ila mzee mmoja baada ya kufungwa na mashine mara ya tatu akanigeukia: "Mwanangu, hii yako inafikiri sekunde mbili tu ishanitia aibu, ukiiachia mpaka alfajiri si itakuwa shetani?" Nikamwambia ndiyo mzee wangu. Af nimefika nyumbani nikaona nimejibu tu ilimradi. Itakuwa shetani kiasi gani? Au itakuwa ileile, ila imechelewa kulala?

Hili linapimika, na huhitaji mashine ya mamilioni. Laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki inatosha, uvumilivu wa siku mbili tatu na uniti za umeme za kutosha.

Kwanza ujue mashine "inafikiri" nini, mana bila hiyo utapima kitu kingine kabisa. Ntatumia KataGo, ni ya bure, ilianzishwa na David Wu na ikatoka 2019. Ndani yake kuna vitu viwili. Kuna neti, sio ya mbu, ni ile neti iliyofundishwa kwa mechi nyingi, ukiionesha ubao inakwambia papohapo kete nzuri zinaweza kuwekwa wapi na nani ana nafasi ya kushinda. Hilo ni sawa na jicho la mzee wa bao anayepita njia, anatupia macho ubao mara moja anasema "wa huku kaisha" na anaendelea na safari yake. Kitu cha pili ni mti: mashine inashuka, nikicheza hapa atajibu pale, nami ntajibu kule, ikifika mwisho wa tawi inaiuliza neti "unaonaje?", jibu inalipandisha mpaka juu, kisha inashuka tena, na kila safari inapendelea matawi yanayoonekana matamu ila haiachi kabisa kuchungulia mengine. Safari moja ya kushuka na kupanda ntaiita mzunguko. Kwenye seting utaikuta kwa jina maxVisits. Kufikiri zaidi manake ni mizunguko zaidi, hamna uchawi mwingine.

Zamani haikuwa hivi. Programu kama GNU Go zilibeba elimu iliyoandikwa kwa mkono na binadamu, zina levo (10 ndo ya kawaida) na ukipandisha levo inachelewa kweli ila mchezo haubadiliki sana, mana asichokijua hakijui, hata umpe wiki. Mambo yaligeuka 2006 pale Rémi Coulom alipokuja na Crazy Stone, inayomalizia mechi kwa kete za kubahatisha mara maelfu na kukusanya hesabu juu ya mti, na mwaka huohuo watafiti Kocsis na Szepesvári wakatoa kanuni ya kuchagua tawi lipi la kushuka. Kuanzia hapo ndo Go ikapata programu ambazo ukiziongezea mda zinaongezeka kweli. Agosti 2008 MoGo ilimfunga Kim Myungwan, profeshno wa dan 8 (dan ni madaraja ya wachezaji wakali), ikiwa imepewa kete tisa za mbele, yani zimeshawekwa ubaoni kabla mechi haijaanza, na ilikuwa inaendeshwa na prosesa 800 za kompyuta kubwa ya Uholanzi. Prosesa 800 na bado ikahitaji kete tisa! Sa hivi simu yako inaweza zaidi ya hapo.

Haya, kanuni ya kwanza na ukiivunja hii mengine yote bure: PIMA KWA MIZUNGUKO, USIPIME KWA SEKUNDE. Mi nilianza na sekunde, sekunde moja dhidi ya sekunde mbili, tena Januari, kaskazi linavuma na chumba kimekuwa tanuri, na laptopu ikichemka inapunguza spidi yenyewe ili isiungue, kwaiyo sekunde mbili za saa nane mchana zilikuwa na kazi pungufu kuliko sekunde mbili za saa tisa usiku, af mdogo wangu akawa anafungua video humohumo, nikapata majibu ya ajabu mpaka nikadhani nimevumbua kitu. Mizunguko 200 ni mizunguko 200 hata kama feni imekufa. Ukishamaliza ndo unageuza kuwa mda: unaangalia mashine yako inafanya mizunguko mingapi kwa sekunde unagawanya, basi. Komandi ya katago benchmark inakupa hiyo spidi.

Sasa vifaa. Shusha KataGo, kama huna kadi ya grafiki chukua ile inayoitwa Eigen inayotumia prosesa tu, kama unayo chukua ya OpenCL (mara ya kwanza itajipima yenyewe kwa dakika kadhaa, usidhani imeganda). Shusha na neti, na hapa usiwe na tamaa ya kuchukua kubwa kuliko zote, utalia. Chukua ndogo ya bloku 6 na chaneli 96 (hivyo ni vipimo vya ukubwa wa neti), jina lake lina b6c96 ndani, hiyo prosesa ya kawaida inaimudu. Af unahitaji mwamuzi wa kuzipambanisha programu mbili bila wewe kukaa hapo, kuna GoGui, inataka Java, ndani yake kuna kifaa kinaitwa gogui-twogtp. Komandi yenyewe inafanana na hivi, weka majina ya mafaili yako:

gogui-twogtp -black "katago gtp -model neti.bin.gz -config gtp.cfg -override-config maxVisits=200,numSearchThreads=1,ponderingEnabled=false" -white "(ileile, ila maxVisits=100)" -games 50 -size 9 -komi 7 -alternate -auto -sgffile fungu1

Vitu vitatu humo vina sababu. ponderingEnabled=false inazuia mashine kufikiri kwenye zamu ya mwenzie, mana ukiiacha wazi yule uliyempa mizunguko michache anaiba mda wakati mwenzie anafikiri, na kipimo kimeharibika bila wewe kujua. numSearchThreads=1 ni kwa sababu nyuzi nyingi (nyuzi ni kazi ambazo prosesa inaziendesha sambamba) zikitembea kwenye mti mmoja kwa wakati mmoja zinakanyagana, kila moja inashuka bila kujua mwenzie karudi na jibu gani, na kwenye mizunguko michache kama 25 ukiweka nyuzi nane umeiharibu akili yake kabisa. -alternate inabadilisha rangi kila mechi ili asiwepo wa kusema alipendelewa, ila ukienda kusoma majibu angalia safu ya ALT kwenye jedwali usije ukampa huyu ushindi wa yule. Na mi nafanya mafungu ya mechi 50 50, kila fungu na jina lake, kwa sababu hapa umeme ukikatika saa kumi usiku betri yangu ina dakika ishirini tu, bora nipoteze fungu moja kuliko yote.

Ngazi ya kupima: 25 dhidi ya 50, 50 dhidi ya 100, 100 dhidi ya 200, 200 dhidi ya 400, 400 dhidi ya 800. Kila hatua ni mara mbili. Usipambanishe 25 na 800 moja kwa moja, wa 800 atashinda karibu zote na ushindi wa mechi 199 kati ya 200 haukwambii kitu zaidi ya kwamba anashinda.

Piga hesabu ya mda kabla hujaanza. Tuseme laptopu yako inafanya mizunguko 100 kwa sekunde, na mechi ya ubao mdogo wa 9 kwa 9 ina kete kama 50, kila upande 25. Hatua ya 100 dhidi ya 200: upande mmoja 2,500, mwingine 5,000, jumla 7,500, ni sekunde 75 kwa mechi, mechi 200 ni saa 4 na dakika 10. Sio mbaya. Hatua ya 400 dhidi ya 800 ni mara nne ya hapo, saa 16 na dakika 40. Ngazi nzima inavuka saa 32. Sasa wewe unayetaka kuongeza na 1,600 na 3,200, uniti zako unazijua mwenyewe.

Mbona mechi 200, ishirini hazitoshi? Hapa ndo watu wengi wanaanguka, na mi nilianguka. Mfano: wa mizunguko mingi kashinda 13 kati ya 20, asilimia 65, unafurahi. Sasa fanya hivi: 0.65 zidisha 0.35, gawa kwa idadi ya mechi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha mbili. Kwa mechi 20 inakuja 0.21, yani ukweli unaweza kuwa popote kuanzia asilimia 44 mpaka 86, manake hujui hata nani mkali! Asilimia hiyohiyo kwa mechi 200, ushindi 130, inakuja 0.067, kwaiyo ni kati ya 58 na 72, angalau sasa unajua mda umesaidia. Na ukitaka hiyo nafasi ipungue nusu mechi lazima ziwe mara nne, 800, ndo maana nasema uvumilivu.

Asilimia unaigeuza kuwa pointi za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, ili hatua tofauti ziweze kulinganishwa. Chukua asilimia ya kushinda gawa kwa ya kushindwa, bonyeza log, zidisha 400. Simu nyingi ukiilaza kikokotoo kinatoa log. 65 gawa kwa 35 ni 1.857, log yake 0.269, mara 400 unapata kama 108. Na ile nafasi ya 58 mpaka 72 inakuwa 56 mpaka 164, unaona ilivyo pana bado. Kwa kukumbuka haraka: tofauti ya 100 ni ushindi wa asilimia 64, 200 ni 76, 400 ni 91. Sare ihesabu nusu.

Mitego miwili ya ubao mdogo. Wa kwanza komi, zile pointi anazopewa mweupe kwa kuwa mweusi ndo anaanza. Kwenye 9 kwa 9 kwa hesabu ya Kichina (unahesabu kete zako zilizobaki ubaoni pamoja na eneo ulilozungushia), wenye mashine kali wanaamini mchezo usio na kosa mweusi anaongoza kwa 7 kamili. Ukiweka komi 7.5 basi mashine zikishakuwa kali vya kutosha mweupe anashinda tu, na kwa kuwa unabadilisha rangi kila mmoja anashinda akiwa mweupe, jumla inakuja 50 kwa 50, na wewe unatangaza mtaani kwamba mda hauna faida tena wakati ukweli ni kwamba ubao umekwisha, hamna pa kuonesha ujuzi. Ndo maana nimeweka 7, utapata sare nyingi huko juu ila angalau hazidanganyi. Ukiona sare zinazidi hamia 13 kwa 13. Mtego wa pili ni mechi kujirudia, programu mbili zisizobadilika zinaweza kucheza mechi moja ileile mara kumi na wewe ukahesabu kumi. KataGo ina ubahatishaji kidogo kwenye kete za mwanzo (seting ya chosenMoveTemperatureEarly, usiizime), na twogtp inaziandikia alama zile zilizorudiwa, zitoe. Dawa nzuri zaidi ni kuipa folda ya mianzo tofautitofauti kwa -openings, kete nne tano za mwanzo umezipanga wewe, kila mwanzo uchezwe kwa rangi zote mbili.

Ukishapata namba zako zichore, chini mizunguko kwa hatua za mara mbili, pembeni Elo. Unachotafuta ni umbo la mstari. Mwanzoni unapanda vizuri, kila ukizidisha mara mbili unapata kipande kikubwa, katikati unapanda bado, af taratibu unaanza kulala. KataGo yenyewe ukiendesha ile benchmark inakisia kwamba spidi ikizidi mara mbili unapata kama Elo 250, ambayo ni ushindi wa mechi 81 kwenye 100. Ni makisio tu ya kukusaidia kuchagua idadi ya nyuzi, usiyachukue kama sheria ya kila mahali.

Sasa linganisha na hii. AlphaGo, programu ya Go ya kampuni ya DeepMind ya Google, ile ya mwanzo, iliandikwa wazi kwamba toleo la mashine moja lilikuwa na prosesa 48 na kadi za grafiki 8, na toleo kubwa lilikuwa na prosesa 1,202 na kadi 176. Kadi mara 22! Na lile kubwa lilishinda asilimia 77 ya mechi dhidi ya mdogo wake. Piga ile hesabu yetu: 77 gawa kwa 23, log, mara 400, unapata 210. Mara 22 ni kuzidisha mara mbili kwa hatua nne na nusu hivi, kwaiyo kila hatua imeleta chini ya 50. Sehemu ya hasara ni mashine nyingi kusubiriana, ila sehemu nyingine ni hiyohiyo ya mstari kulala. Mtu anayekwambia "tukiweka kompyuta mara kumi itakuwa kali mara kumi" mwambie akae chini mnywe kahawa.

Ila usije ukadharau mti kwa sababu hiyo. AlphaGo Zero ya 2017 neti yake peke yake bila kushuka kwenye mti hata kidogo ilipewa Elo 3,055, na programu nzima ikifikiri sekunde 5 kwa kete ilikuwa 5,185. Zaidi ya pointi 2,000 ni za kufikiri tu, jicho ni lilelile. Sekunde za kwanza ndo dhahabu, zinazofuata ni fedha, huko mbele unaokota shaba.

Kuna jambo moja nataka ulitie maanani kabla hujaenda kujisifia namba zako. Hapo umepambanisha programu na nduguye wa tumbo moja. Wote wana neti ileile, wanaona vilevile, wanakosea vilevile, kwaiyo yule mwenye mizunguko zaidi anaona hasa kile ambacho mwenzie angekiona angeendelea kidogo, na tofauti inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Dhidi ya mgeni mwenye mchezo mwingine, au dhidi ya binadamu, mda uleule unaongeza nguvu kiasi kidogo kuliko hapo. Njia ya kuhakiki ni kuleta mtu wa tatu: chukua neti tofauti, iache kwenye mizunguko isiyobadilika, af pambanisha nayo kila ngazi yako moja baada ya nyingine, uone mistari miwili inavyopishana. Usitumie GNU Go kwa hili, KataGo itamfunga karibu zote hata kwenye mizunguko michache na tumeshasema ushindi wa karibu zote hausomeki.

Na yapo ambayo mda hautibu. Kama jicho limekosea vibaya, mti unashuka matawi ambayo jicho limeyapendelea, tawi la kweli linabaki bila mgeni. Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, mwaka 2016 mechi ya nne dhidi ya AlphaGo pale Seoul aliweka kete ya 78 ambayo mashine haikuitegemea, ikavurugika akashinda, mechi yake pekee kati ya tano. Na 2023 mchezaji wa ridhaa wa Marekani, Kellin Pelrine, alishinda mechi 14 kati ya 15 dhidi ya programu ya KataGo kwa kuivuta mashine itengeneze kundi la kete linalozunguka duara, umbo ambalo neti ilikuwa inalihesabu kama liko salama mpaka dakika ya mwisho. Kuongeza mizunguko kunapunguza balaa hilo, hakuliondoi. Kwenye bao ni sawa na mtu ambaye hakufundishwa vizuri mambo ya nyumba, mpe mchana kutwa ahesabu kete, atahesabu vizuri sana kitu ambacho sicho.

Mzee nilimrudia na mchoro wangu kwenye simu, nikamweleza kwamba ukiiachia mpaka alfajiri itakuwa kali zaidi ila sio kwa kiasi anachokiogopa, na kwamba iliyomfunga yeye ni zile sekunde za kwanza. Akaangalia mstari unavyolala, akauliza basi ukiipunguzia je. Nikaweka maxVisits=1, yani mti umekatwa, limebaki jicho tu. Ikamfunga tena. Akasema "waja leo waondoka leo, sogeza hiyo laptopu", nikamwekea kete tatu za mbele, na sasa hivi nnavyoandika bado wapo kwenye mechi ya pili, ya kwanza kashinda kwa pointi mbili na anataka mtaa mzima ujue.